Macho ya mama, sauti ya Judi Dench

Nimetoka sasa hivi kuangalia Shakespeare in Love sebuleni na mama.

Filamu ya 1998. Judi Dench ni Malkia Elizabeth wa Kwanza, na haonekani hata dakika kumi. Kwa dakika hizo akabeba Oscar mwaka 1999!

Mama macho yamefifia siku hizi, kwa hiyo nilikuwa namsimulia kila kinachopita. Malkia alipoanza kusema, akanishika mkono.

"Hebu nyamaza kwanza, nimsikie huyu mama."

Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Alikuwa anaifuata sauti tu, ile yenye mkwaruzo kidogo, ya mtu aliyeanza jukwaani mwaka 1957 na kampuni ya maigizo ya Old Vic, akiwa Ophelia kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare.

Nikamwambia: mama, huyu naye macho yamemtupa mkono. Kusoma hawezi tena. Anasomewa maneno ya mchezo, naye anayahifadhi kichwani.

Kimya kirefu. Vidole vyake bado viko juu ya mkono wangu.

"Anasomewa na nani? Ana watoto?"

Ana binti mmoja, mama. Naye ni mwigizaji.

"Alhamdulillahi."

Jamani, nani mwingine anamsomea mzazi wake nyumbani? Mnasoma nini?