Siku moja maishani mwangu: taa moja, lenzi moja na herufi S

Saa 12:30 asubuhi niko kituoni nasubiri basi, chupa ya chai ya tangawizi mkobani. Hapa Columbus, Ohio, baridi ya mwezi wa pili inauma masikio. Huu ni mwaka wangu wa sita katika duka la sarafu. Nilizaliwa Tabora, ambako mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli na kuzitia herufi T. Labda ndiyo maana herufi ndogo za kwenye sarafu zimenikaa moyoni.

Saa 2 nafungua, natandika kitambaa cheusi mezani, nawasha taa. Taa moja tu. Ukiwasha mbili, kila herufi itatoa vivuli viwili, na utaapa maandishi yamejirudia hata pale ambapo hayakujirudia.

Mpaka saa 5 ni kuchambua senti. Tangu Marekani iache kupiga senti za matumizi ya kawaida, Novemba 2025, watu wanatuletea makopo, chupa za jamu, soksi zilizojaa. Za zamani za shaba zina gramu 3.11, za zinki, zilizoanza 1982, zina gramu 2.5. Huhitaji hata mizani. Ukiidondosha mezani, ya shaba inalia, ya zinki inagota.

Ninachotafuta ni sarafu za muhuri pacha. Muhuri wa chuma unaogonga sarafu huchongwa kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha: chuma kilikuwa kigumu, kikapashwa moto kilegee, kikarudishwa tena chini ya muhuri mama. Kikirudishwa kikiwa kimezunguka kidogo, kisikae palepale, muhuri unabaki na maandishi mara mbili, na kila sarafu itakayogongwa nao itazaliwa hivyo hivyo. Ndivyo ilivyotokea Philadelphia mwaka 1955. Tarehe na neno LIBERTY kwenye senti za mwaka ule unaziona pacha bila lenzi, na zaidi ya 20,000 zilitoka zikaingia mitaani.

Mtikisiko wa mashine ni kitu kingine kabisa. Muhuri hauna kosa, ila umelegea kwenye mashine. Ukishagonga, unacheza kidogo kabla ya kuachana na sarafu, na ule mchezo unalaza ukingo wa herufi mpaka ionekane kama iko mbili. Kosa linatokea siku ile, kwa sarafu ile. Inayofuata huenda ikatoka safi.

Saa 5:20 anaingia mzee mmoja, koti zito, anaongea na simu. Nasikia, "Nimefika, nitakuambia." Kiswahili! Nikamwamkia: "Shikamoo mzee, karibu." Akasimama. "Marahaba, mama. Kumbe uko wa kwetu?" Ni mtu wa Bukavu. Mfukoni akatoa kitambaa cha karatasi, akakifungua taratibu kama anayefungua dawa. Senti ya 1969 yenye herufi S, yaani ya San Francisco. Akanionyesha video kwenye simu: sauti inasema senti kama hii imeuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola.

Hilo ni kweli. Muhuri pacha wa 1969 S upo, ni adimu sana, na zimeuzwa kwa bei hiyo. Ndiyo maana video ile inaumiza: imesema ukweli nusu, ikaacha ule wa kumsaidia mtu.

Sikumwambia kitu. Nilivuta kiti upande wangu wa meza, nikampa lenzi ya mara kumi. "Mzee, angalia tarehe kwanza. Unaona nini?"

"Naona 1969 ikiwa mbili."

"Ile ya pili imeumuka kama ya kwanza, au imelala?"

Akageuza sarafu chini ya taa, kama nilivyomwonyesha. Pembeni ya 9 kulikuwa na kingazi bapa, kinameta kama bati lililokatwa sasa hivi. Nikamtolea picha ya ile ya kweli. Pale namba zote mbili zimeumuka, kila moja ina mgongo wake, na kwenye ncha za herufi kuna kijigawanyo kama ulimi wa nyoka. Tena herufi zimenenepa. Kwenye sarafu yake zilikuwa zimekonda, kwa sababu kingazi kilikatwa kutoka kwenye unene wao wenyewe.

"Sasa angalia S."

Akakaa kimya kwa muda. "Na yenyewe iko mbili."

Hapo ndipo penye jibu. Miaka ile herufi ya kiwanda haikutoka kwa muhuri mama. Fundi aliigonga kwa mkono kwenye kila muhuri, baada ya kazi ya muhuri mama kwisha. Kwa hiyo kwenye senti ya kweli ya 1969 tarehe ni pacha, S ni moja. S ikitikisika pamoja na tarehe, aliyetikisika ni mashine.

Mzee aliweka lenzi chini. "Basi bei yake?"

"Senti moja, mzee. Pole sana."

Alinieleza alishampigia mkewe kuhusu kodi ya nyumba. Tulikunywa chai iliyobaki kwenye chupa yangu. Alipoondoka sarafu aliiacha: "Kaa nayo, mama, uonyeshe na wengine." Nimeiweka kwenye bahasha karibu na taa.

Saa 7 chakula, wali na maharage ya jana. Saa 8 mpaka 10 ni kujibu wanaotuma picha, na leo zilikuwa kumi na tatu, zote mtikisiko. Wanne kati yao walikuwa wameshanunua mtandaoni kwa bei ya muhuri pacha. Hasira yangu kwa wauzaji hao haijapoa bado.

Saa 10:40, kopo la mwisho. Senti ya zinki ya 1995, haina herufi ya kiwanda. Nikaigeuza chini ya taa: neno LIBERTY limeumuka mara mbili, na hakuna kingazi hata nikiinamisha upande gani. Nikafungua picha ya muhuri pacha wa 1995, nikalinganisha ncha ya herufi moja moja. Zinaingiana. Si utajiri. Bosi akachukua lenzi, akatazama, akatikisa kichwa kukubali, nami nikaandika mwaka juu ya bahasha. Nilizima taa saa 11:30.