Tetesi za kupunguza marubani: vile nilivyojipanga mimi hapa Malindi

Naandika haya kwa wenzangu mnaorusha ndege ndogo za kukodi huku Pwani, manake najua kila masika maneno ni yale yale, kampani inafunga bezi, yaani kituo chake cha ndege, ndege inauzwa, marubani wanapunguzwa, na kijana ana mke na mtoto na mkopo wa shule ya urubani hata haujafika nusu, usingizi anautoa wapi.

Kampani yangu ilikua ndogo, ya chata, ofisi kuu uwanja wa Wilson Nairobi, ndege zote Cessna Caravan, zile ndogo za injini moja. Msimu ukikolea ndege moja inalala Malindi, asubuhi unachukua Wataliano unawapeleka Mara ama Tsavo, siku ingine ni uwanja wa Manda, unashusha watu wavuke na boti kwenda Amu, yaani Lamu, ama Shela. Kazi naipenda sana hii. Lakini mwezi wa nne na wa tano mvua ikishuka hoteli nyingi zafunga, ndege inakaa chini na huku bima inalipwa na mishahara inalipwa, hapo ndo tetesi zinapozaliwa. Na si uoga wa bure, mimi mtoto wa Amu nimeona kwa macho, 2011 wageni walivotekwa Kiwayu na kisha Manda, 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa, hoteli za Shela zilivobaki wazi. Halafu korona, tarehe 25 Machi 2020 serikali ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa mpaka tarehe 1 Agosti, marubani ninaowajua walirudi kwa wazazi wao.

Sasa mwaka tetesi ziliponifikia mimi, zilianza kwa wabeba mizigo pale kiwanjani, zikaenda kwa madereva wa teksi, zikarudi kwetu zimenona. Mwenzangu mmoja akaandika barua ya kuacha kazi wiki ile ile. Mamangu naye akanipigia kutoka Amu, "Mwanangu, toka wewe kabla hujatolewa, heshima yako ni yako." Nikamwambia mama nipe muda, nikakaa chini na mkataba wangu nikausoma wote, hata zile kurasa za nyuma ambazo mtu hutia sahihi tu akaenda zake.

Kwenye mkataba mlikua na bondi, yaani sharti la kurudisha gharama za mafunzo. Kampani ilinilipia mafunzo ya Caravan, na nikiondoka kwa hiari yangu kabla muda haujaisha narudisha pesa. Lakini mkataba ulikua kimya kabisa kuhusu kampani yenyewe ikinitoa. Basi kuacha kazi kwa ajili ya tetesi maana yake ni kujitwika deni na kusamehe haki zangu siku moja. Haki zenyewe ziko kwa Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, kisomeni: kampani ikitaka kupunguza watu lazima itoe notisi ya si chini ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, ama kwa wewe mwenyewe kama huna chama, na kwa afisa wa kazi pia, iangalie nani kakaa muda gani na ujuzi wake na uaminifu wake, ilipe likizo unazodai kwa pesa taslimu, na ilipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Ukiandika barua mwenyewe hizo siku 15 huzioni, na bondi inakufuata nyumbani.

Nikaamua sitoki, lakini sitakaa kama kipofu pia. Nikaanza kuangalia vitu ambavyo haviwezi kudanganya. Cha kwanza mafuta. Zamani tulikua tunajaziwa na kusaini tu, sasa ghafla mwenye mafuta anataka pesa kwanza ndo avute mpira, hiyo si tetesi tena. Pili nikaangalia taarifa yangu ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kwa simu, mshahara unakatwa kila mwezi lakini zile pesa hazijaingia, nikaipiga picha nikaweka. Tatu injini. Ile PT6, injini ya Caravan, hufika saa 3,600 za kuruka ikatakiwa kushushwa ifanyiwe matengenezo makubwa, na pesa yake si ya mchezo, ndege yetu ilikua inakaribia na nikimuuliza injinia injini ya kubadilishia imeagizwa ama vipi ananiangalia tu. Mwenye ndege asiyeagiza injini huyo ashaamua. Na kuna hili wengi hamlijui, maombi ya leseni za huduma za ndege hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, waweza kusoma mwenyewe kampani yako imeomba nini na kwa bezi gani. Nikasoma, jina letu nikaliona, nikajua basi kampani yenyewe haifi, kinachokatwa ni tawi la huku.

Hapo nikaenda kwa chifu pailoti, mkuu wa marubani wetu, ana kwa ana, sikutuma meseji. Nikamwambia, "Kapteni, sikuulizi siri za mwenye mali, nauliza mambo mawili tu, bezi ikifungwa bondi yangu inakuaje, na logibuku yangu nani ataipiga muhuri." Mzee ni mtu mwenye utu, akanyamaza kidogo akasema lete logibuku, lile daftari la saa zako za kuruka, leo leo. Akahakiki ukurasa kwa ukurasa, akapiga muhuri. Jamani hili nalisema kwa moyo wangu wote, masaa yako ndo mali yako, mtu anakimbiza masaa 1,500 apate leseni ya juu, halafu ofisi ikifungwa anazunguka Wilson kutafuta mtu wa kuthibitisha saa zake, na yule aliyekua na muhuri ashahamia Juba. Mimi nikazipiga picha kurasa zote, moja kwenye simu, moja kwa barua pepe, moja kwa mke wangu. Kuhusu bondi nikamwandikia ofisi barua fupi ya adabu, wakajibu kwa maandishi kwamba wakinitoa wao hawatadai. Barua ya mistari minne, lakini nililala kwa raha usiku ule.

Medikali yangu, cheti cha afya cha rubani, nikaifanya upya mapema nikiwa bado na mshahara, chek nayo, ule mtihani wa kuruka, nikaomba nifanyiwe kabla haijaisha, manake kampani ingine ikikupigia simu inataka mtu wa kuruka kesho, si mtu wa kungojea makaratasi.

Tetesi zikatimia. Notisi ikaja mvua zikielekea kuisha, bezi ya Malindi inafungwa, sisi wachache tunatoka. Hesabu yao ya kwanza haikua na likizo zangu wala ile miaka haikuhesabiwa vizuri, nikawarudishia hesabu yangu na kifungu cha sheria pembeni, bila matusi, wakarekebisha. Pesa ilikuja kwa mafungu lakini ilikuja. Msimu wa mwezi wa saba nilikua narusha Caravan ya watu wengine, kwa mkataba wa mwaka mmoja, na nilichukuliwa upesi kwa vile makaratasi yote yalikua sawa.

Yule mwenzangu aliyeacha mapema alidaiwa bondi, na kisheria hakua na pa kushika. Injinia wetu yeye alitolewa bila notisi yoyote, kwa maneno tu ya simu, nikampa nakala ya kile kifungu tukaenda pamoja kwa afisa wa kazi hapa Malindi, kampani ikaitwa, na mwezi wake wa notisi na siku zake 15 kwa kila mwaka akalipwa.