Naita Chui, wanakuja wawili

Jana usiku nimefungua mlango wa nyuma nikaita "Chui!" wakaja mbwa wawili na hakuna hata mmoja anayeitwa Chui. Wamesimama wananiangalia, mikia inapiga, yaani wao jina lolote sawa bora bakuli lijae. Mimi nikaenda zangu chumbani nikakaa kwanza.

Chui alikuwa mbwa wangu, nimeishi naye miaka 13. Mwisho ilikuwa figo, akaanza kunywa maji kupita kiasi, unajaza bakuli asubuhi ukigeuka limekauka, halafu anakojoa ndani, yeye ambaye hajawahi, na mimi nikawa namgombeza. Namgombeza mgonjwa. Hilo sijalimaliza moyoni.

Alipoondoka nyumba ikawa kimya mpaka nikashindwa, wiki mbili tu nikaleta Popi, kitoto kizuri hicho, ila nikiri tu, sikumchukua awe Popi, nilimchukua awe Chui, na haraka zangu zile hata chanjo sikuzifuatilia, alichanjwa mara moja nikajua basi kashakingwa. Kumbe ile kinga anayoachiwa na mama yake inaweza ikaizuia chanjo isishike, ndo maana wanarudia kila wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16 au zaidi. Haya nimeambiwa na daktari baadaye. Pavo, ugonjwa wa kirusi unaoua watoto wa mbwa, ilimchukua siku tatu. Kutapika, kuharisha damu, basi.

Sasa hapo watu wananiambia chukua mwingine utasahau. Mwingine wapi, kile kirusi kinaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi! Sakafu sawa utapiga jiki, sehemu moja kwa 30 za maji, unaiacha dakika 10, lakini ua mzima wa udongo unaufuaje? Nikakaa bila mbwa mwaka na nusu.

Hawa wa sasa ni mama na mwanae, watu wazima, mwenyewe alikuwa anahama hawezi kwenda nao na kadi zao za chanjo zimekamilika, hapo ndo nikakubali. Nikajiandaa weee, nitawapendaje, sijui nitalia, sijui Chui ataonaje (usinicheke). Kitu ambacho sikukifikiria hata dakika moja ni kwamba na wao wamefiwa, ni kama wamefiwa. Mama siku ya kwanza kalala getini kaelekeza pua barabarani, gari likipita anasimama, likipitiliza analala tena. Chakula hagusi mpaka usiku watu tumelala. Nikajiona mimi na majonzi yangu nimejaa nyumba nzima hata sikumwachia mgeni pa kuweka ya kwake.

Mtoto yeye mwepesi. Siku ya pili kaingia ndani akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, pale ukutani kuna alama nyeusi ya mgongo wa Chui, nilivyopaka rangi niliizunguka sikuigusa. Kanusa pale muda mrefuuu, akajizungusha, akajilaza. Ningemtoa? Nilishindwa, na ukweli sikutaka.

Leo wiki ya tano. Mama asubuhi nimemkuta kalala katikati, si getini si mlangoni, masikio bado yako barabarani lakini mgongo kauegemeza ngazi. Nimempelekea chakula pale pale alipo, akala nikiwepo.