Keki ya kuhe: nilivyomtengenezea mwanangu samaki wa bethidei

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi ukasimama ili samaki wapate kuzaliana, na baba mkwe wangu ambae amevua Tanganyika tangu ujana wake akawa anashinda tu nyumbani Katonga, huku huku Kigoma, anashona nyavu. Mwanangu alipofunga shule mwezi wa sita akaenda kukaa kwa babu yake, basi ikawa kazi yao ni moja kutwa nzima, babu anashona na mjukuu anauliza maswali. Aliporudi huku Mwanga, Kigoma mjini, kichwani hamna kitu kingine, ni kuhe tu. Mama unajua kuhe anapatikana ziwa letu tu? Mama unajua kuhe ni ndugu yake sato na perege, na kwenye huo ukoo wao wote duniani yeye ni mmoja wa wakubwa kabisa? Mama unajua kuhe baba na kuhe mama wote wawili wanalinda watoto wao, wako maelfu, na hakuna samaki anasogea pale?

Kwahiyo nilipomuuliza bethidei yako ya miaka 6 unataka keki gani hakufikiria hata kidogo. Kuhe.

Mi napika keki za watu hapa mtaani, kipaimara, send-off ndogo ndogo, za duara na za pembe nne, naandika jina naweka maua basi. Ya umbo la mnyama sikuwahi. Nikamwambia sawa baba ntakutengenezea samaki, akanitazama akasema "Sio samaki mama, kuhe." Na hapo ndo nilielewa shughuli yenyewe ilipo, mana watoto wa Kigoma wanamjua samaki. Mtoto wa sehemu nyingine ukimpa kitu kina mkia na jicho anafurahi, ila hawa wanaletewa dagaa na migebuka nyumbani tangu hawajaota meno, wanamjua sangala kwa kumwona mgongo tu, na sherehe yenyewe ingefanyikia Katonga kwa babu, yaani nusu ya wageni ni watoto wa wavuvi.

Nikaona cha kwanza nisiguse unga, niende nikamwone kuhe mwenyewe. Kuhe nimemla maisha yangu yote lakini kumla na kumwangalia ni vitu viwili tofauti. Jumatano asubuhi nikaenda Kibirizi mwaloni wanakoshusha samaki, nikapata mmoja wa karibu nusu mita, nikamleta nyumbani nikamlaza juu ya karatasi la mfuko wa saruji nililoligeuza upande msafi, nikamchora kumzunguka na kalamu ya mkaa kuanzia mdomoni mpaka mkiani. Nikaandika na vipimo pembeni, kichwa kimechukua kiasi gani cha mwili, jicho liko juu kiasi gani, pezi la mgongoni linaanzia wapi. Hili lilinisaidia kuliko kitu chochote kingine nilichofanya. Mi kichwani nlikua na samaki wa kuchora shuleni, mnene katikati kama yai, kumbe kuhe ni mrefu, mwili umenyooka, mdomo mkubwa, na mkia unaungana na mwili kwa sehemu nyembamba ila yenye nguvu. Ubavuni ana mabaka meusi matatu. Alafu nikachukua karatasi lingine safi nikakuza ule mchoro ufike sentimita 65 (lile la kwanza lilishashika shombo la samaki, haliwezi kukaa karibu na keki), na kuhe tukamla na ugali siku hiyo hiyo.

Keki yenyewe sasa. Kama unataka kukata umbo usipike ile laini ya kupuliza, ukiipitisha kisu inamwagika yote. Inatakiwa keki nzito kidogo ya siagi. Mi kwa trei moja nliweka unga nusu kilo, sukari gramu 400, majarini gramu 400, mayai 8, beking pauda vijiko vidogo viwili na nusu, vanila, na maziwa kidogo sana ya kulegeza. Nikapika trei tatu za namna hiyo, kila moja sentimita 30 kwa 24 hivi, mayai 24 kwa jumla. Jirani yangu ana oveni ya bati ya mkaa akaniazima, nikaweka moto mdogo chini na mwingi kidogo juu. Ya kwanza iliungua kitako kwasababu mkaa wa chini nlikua sijaupunguza, nikaikwangua tu na kisu ikatoka ngozi nyembamba, ndani ilikua nzima. Nilipika alhamisi jioni zikalala zimefunikwa na kitambaa, sikuzigusa mpaka kesho yake. Keki ya moto haikatwi, hata iliyopoa saa mbili bado inakatika vibaya, iache ilale.

Ijumaa nikaomba ubao wa plaiwudi kwa fundi seremala, nikaufunika na foili. Trei mbili nikazipanga kichwa kwa mkia, ya tatu nikailaza juu katikati ili ikalie ule muungano wa chini, kama fundi anavyopanga tofali, na hiyo ya juu ndo ikanipa unene wa tumbo. Kati ya keki na keki nikapaka krimu ya kushikia. Nikaweka kile kiolezo cha karatasi juu, nikakata pembeni yake kisu kikiwa wima, alafu nikatoa karatasi nikaanza kuviringisha kingo kidogo kidogo, hapa usiwe na haraka, unatoa kipande chembamba unarudi nyuma unaangalia. Mdomo niliukata kama pembe tatu ndogo. Kifuniko cha matamvua nikakichora kwa ncha ya kisu, mstari wa kupinda kama mwezi mchanga, yaani ule mstari mmoja tu ulipoingia keki ikawa samaki.

Makombo na vipande vyote sikutupa. Niliyaponda na krimu kidogo mpaka yakawa kama udongo wa kufinyanga, na huo ndo nlitengenezea mkia, nikaulaza moja kwa moja juu ya ubao. Mkia wa keki ya kukata ungevunjika, ni mwembamba mno.

Krimu ilinisumbua. Mwezi wa tisa Kigoma unaijua, jua kali vumbi tele mvua bado, na krimu ya majarini peke yake mchana inakua mchuzi. Nikachanganya nusu majarini nusu mafuta ya mgando, aising shuga nimeichekecha mara mbili na imezidi mara mbili ya mafuta kwa uzito, ikasimama. Friji isingesaidia, ubao wa sentimita 80 haingii friji ya mtu yeyote ninaemjua. Kwahiyo kazi yote ya krimu nliifanya kuanzia saa kumi alfajiri ya jumamosi, chumba cha ndani chenye sakafu ya saruji, dirishani nimetundika kanga mbili zimelowa maji, mpaka jua linachomoza vizuri nimeshamaliza kitu kikubwa. Kwanza unapaka krimu nyembamba ya kufunga makombo, unaiacha ishike, ndo unapaka ya pili.

Rangi nayo ilinipa kufikiria. Yule kuhe niliemnunua alikua wa njano iliyofifia na mgongo wa kijani cha kijivujivu, na mi nikataka nifanye vile vile, lakini ijumaa baba mkwe alikua amepita mjini akaingia akaona bakuli la rangi akasema, "Mwanangu, huyo uliemwona wewe ameshakufa. Akiwa hai majini anang'aa dhahabu." Nikaongeza njano. Nilijaribu pia mawese, kijiko kimoja kwenye krimu kidogo pembeni, rangi ilitoka nzuri ajabu ila harufu ikatawala nikaacha. Ya mabaka meusi nilianza na kakao kwanza mpaka krimu ikawa kahawia iliyokolea, ndo nikatia rangi nyeusi kidogo na nikaiacha ilale usiku, asubuhi ilikua nyeusi kweli. Ukitaka kufika nyeusi kutoka kwenye krimu nyeupe utamwaga kichupa kizima na itakua chungu.

Sasa magamba. Nliona watu wanatengeneza magamba kwa mgongo wa kijiko cha chai, unadondosha krimu unavuta, unadondosha unavuta, nikafanya ubavu mzima hivyo ijumaa usiku kwenye kipande cha majaribio na nikakipenda. Baba mkwe alikua bado hajaondoka. Akakiangalia muda mrefu kabisa, mzee yule haongei ovyo, akasema, "Hayo magamba ya sato. Kuhe magamba yake madogo." Na ni kweli, nlikua nimemparua kuhe siku mbili nyuma kwa mikono yangu, magamba madogo madogo yanabandika kila mahali mpaka kwenye nywele. Nikakaa nikafikiria ntapata wapi kitu cha kuchapa vidoti vidogo vyote sawasawa, mzee akatoka nje, akarudi na kipande cha wavu wa dagaa, mpya, bado haujaingia majini, mkubwa kama leso. Hakusema kitu, akaniwekea mezani.

Nikauchemsha kwenye sufuria, nikauanika. Asubuhi ile krimu ya njano ilipokauka juu kiasi kwamba ukiigusa na kidole haishiki, nikaipulizia unga wa wanga kidogo sana, nikaulaza wavu ubavuni kuanzia kwenye matamvua kuelekea mkiani, nikaukandamiza na kiganja polepole bila kusugua, nikaunyanyua kwa kona moja. Nilichokiona hapo sitakisahau. Magamba. Madogo, yamepangana, yanafuata mwili, ukisogeza taa kila tundu linashika kivuli chake. Nikapeleka wavu mbele nikarudia, mbele nikarudia, mpaka mkiani. Ule wanga uliobaki nliupangusa na brashi mpya ya rangi. Mume wangu aliamka saa kumi na mbili akasimama mlangoni na mswaki mdomoni hakuingia.

Mengine yalikua mepesi. Jicho ni pipi ya chokoleti ya duara kwenye duara la krimu nyeupe. Mapezi ni biskuti za wafa nimezikata mshazari, ila hizi sikuzichomeka nyumbani, zikikaa na krimu muda mrefu zinalegea, nilibeba kwenye kopo nikachomekea Katonga.

Safari ya bajaji ndo ilikua roho mkononi. Nilikaa nyuma na ubao mapajani, dereva nimemwomba asizidi mwendo wa mtu anaetembea kwenye matuta, na kijana wa watu alinisikiliza, Mungu ambariki, njia nzima mpaka tunapita Bangwe anageuka kila tuta ananiuliza "mama, yuko salama?" yaani kuhe. Karibu na kufika pakatokea ufa nyuma ya kichwa, mahali ambapo keki ya juu inaishia na ya chini imebaki peke yake. Nlikua nimebeba krimu kwenye mfuko na kile kipande cha wavu, nikajaza, nikachapa tena. Ukitengeneza kitu kama hiki beba krimu yako ya akiba na vifaa vyako, na keki ya juu ivushe mbele kidogo mpaka kichwani, mi niliikata fupi.

Kwa babu nikakuta watoto ishirini na kitu wameshajipanga kwenye mkeka. Nilipoingia na ubao nimefunua, sikusema chochote, nlikua nasubiri tu kusikia wataita nini. Mtoto mmoja wa jirani, hata miaka 5 sidhani kama anayo, akanyoosha kidole akapiga kelele "Kuheee!" na wengine wote wakaitikia. Mwanangu hakupiga kelele. Alikuja karibu akainama, akaangalia mabaka akayahesabu kwa kidole, akaangalia magamba, akaniuliza, "Mwingine yuko wapi?" Nikamwuliza mwingine nani, akasema wa kulinda nae watoto. Babu yake akamwambia mwenzie amebaki ziwani na watoto, huyu amekuja kwenye sherehe mara moja. Akakubali.

Alipokata alianza na kichwa, akakiweka kwenye sahani akampelekea babu yake kwa mikono miwili. Mzee alikila chote, pamoja na jicho.

Kile kipande cha wavu nilitaka kukirudisha akakataa, akasema kaa nacho mwanangu. Nimekifua kwa maji ya moto, kipo kwenye droo pamoja na vikombe vya kupimia. Mwanangu ameshanambia mwakani anataka singa, na singa hana gamba hata moja, ana ngozi inayoteleza na sharubu, kwahiyo saivi nafikiria ile ngozi ya kung'aa ntaipataje, na kwenye joto hili.