Nilivyoinusuru Datsun 240Z Yangu na Mikono ya Wasamaria Wema

Tangu baba mdogo aniachie Datsun 240Z yake ya mwaka 1972, gari hilo halijaguswa na mwizi wala kugongwa na mlevi. Kila kovu lililo nalo limetokana na mtu aliyetaka kunisaidia. Hapa Nakuru si gari geni: wazee wanakumbuka aina hii ilivyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, kwa hiyo anayelikuta limeegeshwa Barabara ya Kenyatta huliendea kama anayekwenda kumpa mkono jamaa aliyepotea miaka mingi, na mkono huo hutua kwenye rangi.

Boneti ndiyo iliyoanza kunifundisha. Bawaba zake ziko mbele, hivyo huinuka kutoka upande wa kioo, kinyume cha magari mengi yapitayo kwenye vituo vya mafuta. Mhudumu akitaka kunipimia oili huingiza vidole chini ya ukingo wa mbele na kuvuta kwa nguvu, na akishaonyeshwa inavyofunguka, huifunga kwa kuipiga kiganja katikati, pale bati lilipo jembamba. Siku hizi nashuka kabla hajafika, naifungua mwenyewe, kisha wakati wa kufunga namwomba aweke viganja vyake kando ya vyangu karibu na kioo, tukandamize pamoja taratibu. Hakuna aliyewahi kukataa.

Kuhusu vumbi nilipewa ushauri mbaya kuliko wote. Vumbi letu limetokana na majivu ya volkano, na anayelipangusa kwa tambara kavu huwa anaipiga rangi msasa. Rafiki alinihimiza ninunue turubai la kulifunika gari, nami nikatoa elfu nane na ushee. Alasiri upepo ulivuma, turubai likawa linapepea juu ya vumbi lililokwisha kutua, na bawabu wa jengo, kwa moyo wake mzuri kabisa, akaona lisiruke, akalifunga kwa waya uliopita juu ya paa. Niliporudi jioni, paa lilikuwa limefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na mistari miwili ya waya ilionekana wazi. Kulipaka rangi upya kulinigharimu mara kadhaa ya bei ya turubai, ambalo sasa linafunika kuni. Badala yake nabeba ndoo na sifongo zangu, na kijana wa kuosha magari namlipa shilingi mia mbili alilinde gari bila kulipangusa. Nikirudi tunalimwagia maji mengi kwanza, ndipo sifongo inapoguswa.

Lakini kazi kubwa ilikuwa mlimani. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, baada ya Salgaa barabara inapanda hadi Mau Summit, na ukikwama nyuma ya malori yanayotambaa, injini hii hupata joto la ajabu. Bomba la moshi na kabureta zote mbili, zinazochanganya petroli na hewa, ziko upande mmoja, kabureta zikiwa juu, kwa hiyo joto hupanda moja kwa moja hadi petroli ikachemka ndani ya mrija na injini ikazima. Dawa yake ni kufungua boneti, kuweka kitambaa chenye maji kwenye mrija wa mafuta, na kungoja. Mara ya kwanza sikupata nafasi ya kueleza neno. Wanaume wanane walitokea, mmoja akiniambia, “Tulia mzee, tuko hapa,” wakaegemeza mabega na vidole gumba nyuma ya gari na kusukuma. Gari halikuwaka, kwa sababu kusukuma hakupozi petroli, na bati la nyuma likabaki na vishimo vinne vilivyoenea kidole gumba sawasawa. Wakati huo huo kijana mwingine alikuwa amekuja na dumu, tayari kuimwagia injini maji baridi, naye nilimzuia kwa kumshika mkono, maana silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini na ingeweza kupasuka.

Nililala nikifikiria vile vidole. Kuwafukuza nisingeweza, na sikutaka, kwani bila wao lori lingenipitia pale barabarani. Ndipo nikaenda kwa fundi viatu, akanishonea mkanda wa meta kumi kutokana na mikanda ya viti vya matatu, wenye vitanzi vya kushikia pande zote mbili. Mkanda hufungwa kwenye kulabu iliyo chini ya bampa ya mbele, kwenye fremu yenyewe. Gari lina uzito wa tani moja na ushee, na watu sita wanalitoa barabarani kwa mwendo wa kutembea, wawili wawili kandokando ya mkanda, asiwepo anayetembea karibu na bampa. Mwenye dumu namkabidhi kitambaa na kumwonyesha mrija, na mwenye sauti kubwa kuliko wote nampa pembetatu aende nyuma kuwaashiria madereva wa malori.

Mwezi uliopita lilizima tena pale pale. Kabla sijafika kwenye buti walikuwa saba, mmoja ameshainamia taa ya nyuma. Nikamtupia kitanzi cha kwanza, akakidaka, na wenzake wakajipanga bila kuambiwa, wakivuta na kuitikiana. Baada ya dakika ishirini na tano injini iliwaka. Usiku nilichukua tochi, nikapitisha kidole polepole kwenye bati la nyuma kutoka taa hadi taa, na halikuwa na kishimo hata kimoja kipya.