Dada, pokea simu yako

Juzi nimepanda daladala ya kwenda Ujiji, siti ya nyuma, tumebanana kama dagaa kwenye kiroba, pembeni yangu kaka mmoja kavaa kanzu imenyooka pasi. Kila nikimwangalia na yeye ananiangalia, anaangalia mkono wangu, anatazama dirishani, anarudi kwenye mkono. Mwisho uvumilivu ukamshinda. "Dada, pokea simu yako, inatetemeka tangu Mwanga."

Nikamwambia sio simu, ni mkono.

Kwa ambao hamjui, figo zangu ziliacha kazi bila notisi. Presha ndo ilizimaliza, presha yenyewe nilikuwa naijua na dawa nilikuwa nazo ndani, sema nilikuwa nazinywa nikijisikia vibaya tu, nikijisikia freshi naziweka kabatini, msinifuate jamani. Sasa hivi nasafisha damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila nikikaa kwenye mashine, na ili mashine ipate damu ya kutosha daktari alinifanyia upasuaji mkono wa kushoto akaunganisha mishipa miwili, ule unaotoa damu kwenye moyo na ule unaorudisha, wenyewe wanaita fistula. Damu inapita hapo kwa kasi mpaka ukigusa unasikia vvvvv, kabisa kama simu iliyowekwa vaibresheni. Ikinyamaza ndo unatakiwa ukimbie hospitali.

Basi nikamweleza yule kaka, nikampa na mkono auguse. Aligusa kwa kidole kimoja. Akasema Subhanallah, akasogea, akasogea tena, mpaka akabaki na nusu tako kwenye siti, na mi nikakaa kwa raha zangu kama nimelipa nauli ya watu wawili. Mungu anisamehe, tangu siku hiyo gari ikijaa mkono naegemeza makusudi.

Ila mkono ni wa kuchekea, balaa lenyewe ni maji. Hapa kwangu ukisimama mlangoni ziwa lile pale. Tanganyika, kina mita 1,470, dunia nzima linazidiwa kina na ziwa moja tu huko Siberia, maji baridi hayana chumvi, yamelala mpaka Kongo. Mi naruhusiwa nusu lita kwa siku. Kanuni niliyopewa ni nusu lita ujumlishe na mkojo wa jana, na mkojo wangu wa jana, tuheshimiane, ulikuwa sifuri. Halafu usidhani ni maji ya kunywa peke yake, chai ni maji, uji ni maji, mchuzi ni maji, barafu ni maji, tikiti ndo usiseme. Kwa hiyo kila asubuhi najaza kichupa changu cha nusu lita nimekichora mistari kwa maka peni, mstari wa dawa, mstari wa mchana, mstari wa jioni, na mmoja chini kabisa wa usiku wa manane pale ulimi unapokuwa kama kipande cha kanga iliyokaukia kambani.

Siku moja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, katokea Kasulu, kashuka kwenye basi na vumbi lake mpaka kwenye kope, kaingia ndani, kakuta kichupa mezani. Alikibugia chote kwa pumzi moja. Akafuta mdomo akasema, "Aah shem, maji yenu matamu, yapo mengine?"

Saa mbili asubuhi hiyo. Nilimwangalia kama mtu aliyekula hela za rambirambi. Nikaanza kulia, sio utani, nililia machozi kabisa nikiwaza nitafikaje kesho, shemeji kachanganyikiwa anadhani kuna msiba hajaambiwa, mara binti yangu wa darasa la nne akatoka chumbani akasema, "Mama, si ujaze kingine? Aliyekunywa ni baba mdogo, wewe hujanywa."

Unajua nilikaa kimya muda gani? Kiu imenifundisha kuhesabu mpaka nimesahau kwamba maji hayajaisha, bombani yapo, kilichopangiwa kikomo ni mimi. Tulicheka mpaka shemeji akakaa chini sakafuni. Na machozi nayo si ni maji pia, nikasema angalau nimepunguza kidogo.

Sasa kule kwenye mashine kabla ya kukaa unapimwa uzito. Kila mtu ana uzito wake mkavu, yaani uzito ukiwa huna maji ya ziada mwilini, wangu ni kilo 58, kinachozidi pale mashine inakivuta. Wiki mbili zilizopita napanda mzani, sista anaangalia namba, ananiangalia usoni. Kilo 62 na ushee! "Mama, umekunywa ziwa?" Naapa, sista. Naapa kwa Mungu. Namwonyesha na kichupa. Yeye keshaanza kupiga hesabu ya kunivuta lita nne na zaidi, na kuvuta maji ambayo hayapo sio mchezo, presha inashuka, misuli inakaza, unazimia hapohapo kwenye kiti.

Mzee wa kiti cha jirani akasema taratibu, bila hata kufungua macho, "Sista, maji ya huyu mama mbona yananuka samaki."

Kikapu! Asubuhi nilipita Kibirizi kumchukulia huyohuyo sista dagaa wabichi aliowaagiza, kikapu begani, kitenge kimejitanda juu yake, nikapanda nacho mzanini. Tukapima tena, 60. Wale dagaa peke yao walikuwa kilo mbili na kitu. Sista alicheka mpaka akatoka nje, aliporudi akanigombeza vizuri tu na alikuwa na haki. Uchungu zaidi ni kwamba hata kuwaonja siruhusiwi, dagaa unamla na mifupa yake na kwenye mifupa ndo kuna fosforasi ambayo figo zangu haziwezi kuitoa. Kigoma bila dagaa, si bora nihamie Dodoma.

Yule mzee ndo mchumba wangu wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwenyewe ndo kajitangaza, anasema damu zetu zinazunguka chumba kimoja kwa hiyo ndoa imeshafungwa. Ana stori zake. Anasema utotoni walitishwa na mumiani, wakiona gari jekundu wanakimbilia vichakani wasije wakanyonywa damu, na leo uzeeni anapanda bodaboda kwa hela yake mwenyewe kumfuata mumiani mara tatu kwa wiki, na akichelewa anampigia simu kuomba radhi. Umeme ukikatika mashine zote zikaanza kulia kwa pamoja, na manesi wanazungusha pampu kwa mkono kuturudishia damu yetu, yeye anasema haya, mumiani kaishiwa luku.

Wanaonichosha ni wale wenye macho ya msiba. Wanaingia wanaongea kwa sauti ya chini kama kuna mtu kalazwa katikati ya sebule. Mimi ni fundi cherehani, na kuna mteja alikuja na kitambaa chake cha gauni, akanitazama, akatazama mkono, akasema, "Dada fundi, naomba hili ulimalize mapema, kabla ya..." Akanyamaza. Nikamuuliza kabla ya nini? Akameza mate. "Kabla ya Idi."

Idi ilikuwa imepita wiki iliyotangulia. Nilimwongezea elfu tano.

Siku mbaya zipo, usiku misuli ya miguu inakaza nauma shuka ili mtoto asisikie, na zipo asubuhi ambazo hata huyo mzee akitania simjibu. Na yeye hanilazimishi, anafunga macho anaacha mashine iongee.

Leo Jumapili, na Jumapili ndo ndefu kuliko zote maana tangu Ijumaa sijasafisha, kwa hiyo nimebana sana. Saa nne usiku hii naandika huku naangalia kichupa, kimebaki mstari mmoja, nimeapa siugusi mpaka saa saba. Na mvua nayo haikuona siku nyingine ya kunyesha. Imeanza kama utani, sasa hivi inapiga mabati hata redio ya jirani siisikii, maji yanamwagika kutoka paani yanapita mlangoni kwangu yanateremka kwenda ziwani kujumlishana na mengine.

Binti kaamka, kasimama na ndoo kichwa kimevurugika. "Mama, nikukingie?"

Kinga mwanangu, nimemwambia. Ya kufulia.