Kungoja theluji itulie

Theluji imeanguka mfululizo tangu Jumapili usiku, na leo Jumatano nusu ya bonde la Chamonix, katika milima ya Alps ya Ufaransa, imefungwa. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, ile inayotolewa na Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kila siku alasiri, imegota kwenye namba 4 katika kipimo kinachoishia 5. Lifti za kupandisha watu mlimani, zile za juu, zimesimama. Hotelini wageni wanazunguka ukumbini wakiwa wamevaa kamili, helmeti mkononi, na kila baada ya muda mmoja wao anakwenda mapokezi kuuliza kama kuna kilichofunguliwa. Nawaelewa. Wamelipia wiki moja tu, na wiki inakatika.

Ndugu zangu wa Tanga wakinipigia simu hudhani nashinda nikiteleza kutwa. Maisha ya mtu wa snobodi, anayeteleza kwenye theluji kwa ubao mmoja, ni kungoja zaidi kuliko kuteleza. Tunangoja theluji ianguke, ikianguka tunangoja itulie. Na nazidi kuamini kwamba huko kungoja ndiko kulikonifanya niwe mtu wa bonde hili, kuliko hata kuteleza kwenyewe.

Nilipokuja mara ya kwanza kutafuta kazi ya msimu wa baridi, nikitokea Lyon nilikokuwa nasoma, theluji yote ilikuwa sawa machoni pangu. Ubao ndio ulionifundisha kuitazama. Theluji nyembamba ikikaa juu ya ardhi siku nyingi za baridi kali, punje zake hubadilika zikawa kama sukari, hazishikani tena. Ikija dhoruba ikaweka tabaka zito juu yake, mlima unaonekana mweupe na wa kupendeza, kumbe umekalia kitu kisichoshika. Upepo nao huikumba theluji upande mmoja wa kigongo na kuirundika upande wa pili, ikagandamana ikawa bamba. Uzito wa mtu mmoja anayepita hapo unatosha kulikata bamba hilo, nalo likaanza kushuka naye.

Kinachonitia hofu zaidi si namba 4. Siku za namba 4 hata wenye papara hukaa ndani. Wengi hufa siku za namba 3, jua limetoka, anga bluu, na kila mtu amechoka kusubiri. Ukizikwa, matumaini yako yamo ndani ya robo saa ya kwanza. Baada ya hapo nafasi ya kutolewa hai hushuka haraka mno. Helikopta ya askari waokoaji wa milimani ni hodari, lakini bado inapaswa kuitwa na kufika. Wa kukufukua ni mwenzako aliye karibu, mwenye kifaa cha kunasa mawimbi kifuani, fimbo ya kukunjua ya kuchomea theluji, na koleo. Inaniumiza kuona vijana wananunua ubao wa bei mbaya, jaketi la bei mbaya, halafu vitu hivyo vitatu wanasema watanunua mwakani.

Basi la kwenda kijiji cha Le Tour linapita kitongoji cha Montroc. Tarehe 9 Februari 1999, baada ya siku kadhaa za theluji nzito kama hii, mlima wa Péclerey uliachia theluji yake ikashuka mpaka kwenye makazi, ikavunja nyumba na kuua watu 12. Hawakuwa wakiteleza. Walikuwa majumbani mwao. Kila nikipita hapo nikielekea kwenye mchezo wangu, jambo hilo linanikaa rohoni, na naona ni haki likae.

Wiki hii zamu yangu dobini inaanza saa nane mchana: mashuka, taulo, majoho ya kuogea, mpaka usiku. Shule za Ufaransa zikifunga mwezi wa Februari, mikoa hupishana kwenda likizo, kwa hiyo wimbi la wageni haliishi ila linabadilika sura. Tunaolala vyumba vya wafanyakazi tuna bahati. Kodi za bondeni haziendani na mishahara yetu, na wapo wenzetu wanaolala ndani ya magari yao usiku wa baridi inayogandisha maji ndani ya chupa. Mji huu unasimama kwa mikono yao: wapishi, waosha vyombo, wasafisha vyumba, waendesha lifti. Nadhani mahali panapojivunia milima yake panapaswa kuwatafutia watu hao pa kulala.

Jikoni yupo dada wa Bukavu aliyenizidi umri, na ni yeye peke yake ninayeongea naye Kiswahili hapa. Jana alinikuta kwenye ghala la skii, zile mbao mbili za kutelezea, ubao wangu umelala kifudifudi juu ya meza, napaka nta.

"Unatafuta nini kule juu, mdogo yangu?" aliniuliza. "Ukivunjika mguu, nani atakutunza?"

"Wewe, dada," nikamjibu. "Lakini kwanza njoo siku moja tupande wote mlimani mpaka Plan Joran, tunywe chai, kisha ushuke na lifti."

Alisema atafikiri, akavuta kiti akakaa kutazama. Naipenda sana kazi ya nta. Unagandamiza kipande chake kwenye pasi ya moto, matone yanaanguka kwa mstari, kisha unayasambaza taratibu kutoka pua ya ubao hadi mkiani. Pasi haitakiwi kusimama mahali pamoja, itaunguza. Ikishapoa, unakwangua kwa kipande cha plastiki, na nta inatoka kwa maganda membamba yanayojikunja na kurundikana sakafuni. Mwisho unasugua kwa brashi mpaka weusi wa chini ung'ae. Nta ya baridi kali ni ngumu, ya siku za joto ni laini, na kuchagua kwa Machi ni mtihani, maana bonde hili lina hali mbili kwa siku moja. Miteremko ya Grands Montets inatazama kaskazini na hutunza theluji kavu hata majira ya kuchipua yakikaribia. Ng'ambo yake, miteremko ya Brévent na Flégère inatazama kusini: asubuhi ni barafu tupu inayokwaruza, saa tano imelainika vizuri kabisa, saa nane imekuwa rojo.

Nilijifunzia La Vormaine, mteremko mpole wa watoto pale Le Tour. Ubao una kingo mbili za chuma, mmoja upande wa visigino na mwingine upande wa vidole, na muda wote unatakiwa uwe umeegemea mmojawapo. Ukiuacha ubao ukalala bapa huku unavuka mteremko, ukingo wa upande wa chini hunasa theluji na kukubwaga kabla hujajua kimetokea nini. Kwa hiyo wanaoanza huishi kwenye ukingo mmoja, ule wa visigino, wakishuka kama majani yanavyopepea, kushoto, kulia. Siku mwili unapokubali kuhama kutoka ukingo hadi ukingo, uso ukielekea bondeni kwa ile nukta moja ya katikati ambapo hushiki chochote, hapo ndipo mchezo unapoanza. Furaha niliyoipata siku hiyo sijapata kuipata katika mchezo mwingine wowote. Inatoka magotini na inapanda.

Tabu yetu ni mahali tambarare. Wa skii wana fimbo zao mbili za kujisukumia; sisi hufungua mguu mmoja tukasukuma, au tukavua ubao na kutembea. Ndiyo maana hushuki bila kujua njia iliyo mbele yako inakwendaje. Unasoma mlima mapema, unaamua wapi uongeze kasi ili uvuke bapa lile bila kusimama.

Chamonix ndiko ilikofanyika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924, wakati huo hata skii ya kushuka milima haikuwemo. Snobodi iliingia Olimpiki mwaka 1998, kule Nagano. Mchezo bado mchanga, na watu wenye sura kama yangu mlimani ni wachache. Wakati mwingine napanda lifti asubuhi nzima nisimwone hata mmoja. Siku za mwanzo, nilipojiuliza kama hapa pana nafasi yangu, nilimtazama Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Yeye ni wa skii, lakini kwangu ilitosha.

Kijana wa hapa ninayemfikiria mara nyingi ni Marco Siffredi. Mwaka 2001, akiwa na miaka 22 hivi, alishuka Everest kwa snobodi kwa upande wa kaskazini. Mwaka uliofuata alirudi kwa njia nyingine iliyo kali zaidi, korongo jembamba liitwalo Hornbein Couloir. Alifika kileleni tarehe 8 Septemba 2002, akaanza kushuka, na hajaonekana tena. Alikuwa na miaka 23. Sithubutu kumhukumu. Ninachoona ni kwamba watu wanapomsimulia huishia kwenye ushujaa, na mimi hubaki na wazazi wake akilini.

Jambo jingine linalonikaa ni Mer de Glace, mto mkubwa wa barafu unaoshuka kutoka milimani. Unapanda treni ya Montenvers, reli iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne iliyopita, na ukishuka kuelekea kwenye barafu unapita vibao vya miaka vilivyobandikwa mwambani kuonyesha barafu ilikuwa inafika wapi. Kibao cha 1990 unakisoma, halafu unaendelea kushuka, na kushuka. Wakati fulani ngazi za kwenda kwenye pango la barafu zilipita 500. Watu wa umri wangu wamezaliwa barafu ikiwa bado iko juu pale. Wapo wanaosema mizinga ya kutengeneza theluji itaokoa misimu. Labda itaokoa miteremko michache ya chini, lakini hakuna mzinga wa kutengeneza barafu ya Mer de Glace.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuweka akiba ya kumlipa mwongozaji wa Compagnie des Guides, chama cha hapa kilichoanzishwa mwaka 1821, anishushe Vallée Blanche, njia ndefu ya kuteleza juu ya barafu hiyo, mwezi wa Aprili theluji ikitulia. Gari la waya linakutoa mjini mpaka kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, kisha unateremka kile kigongo chembamba kwa miguu, umefungwa kamba, ubao mgongoni, na mbele yako una kama kilomita 20 za barafu zenye nyufa ambazo ni yeye anayejua zilipo. Nimeambiwa mwishoni kuna bapa refu linalowatoa jasho watu wa snobodi. Nitasukuma kwa mguu mmoja. Dada wa Bukavu amekubali kushika zamu yangu siku hiyo, kwa sharti kwamba nimpigie simu nikifika chini.